Muulizeni Babu Habari za Mlau

Jirani yetu mmoja hapa Buguruni, mzee mzaliwa wa Rufiji, ana desturi ambayo watoto wa mtaani huicheka. Masika yanapopamba moto, na kila mtu akihangaika kuokoa godoro lake, yeye huuliza kama maji yameacha udongo mweusi. Watoto hudhani akili imemruka. Sivyo. Mzee anauliza swali la mkulima.

Katika bonde la Rufiji mafuriko hayakuwa msiba mtupu. Mpunga ulipandwa kwa mvua za mwanzo, ukarefuka pamoja na maji ya mto. Maji yalipopungua, yaliacha tope lenye rutuba na unyevu, nalo likapandwa mahindi na kunde bila kungojea mvua nyingine. Kilimo hicho ndicho mlau. Mwaka ambao maji yalizidi na kuusomba mpunga, mlau uliweza kuiponya familia. Msimu ulipowadia, wenye shamba walihamia katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege. Hapo ndipo mtoto alipofundishwa kuusoma mto.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamishia wananchi wa bonde hilo katika vijiji vya miinukoni, kwa nia ya kuwaokoa na kuwasogezea huduma. Nia ilikuwa njema, lakini udongo mweusi haukuhama nao. Wengi waliendelea kuteremka bondeni, kwa kuwa riziki ilikuwa huko.

Sisi wa mjini tusijione tofauti. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu katika Bonde la Msimbazi, waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Baadhi walirejea bondeni, nasi tukawaita wakaidi. Simshauri mtu yeyote kulala katika njia ya maji. Msimbazi hubeba taka za mji mzima, wala si Rufiji. Hata hivyo, kabla ya kumlaumu mtu, hatuna budi kwanza kumwuliza anakula nini na anakipata wapi.

Leo Rufiji yenyewe imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na katika Aprili 2024 mafuriko yaliharibu mashamba ya Rufiji na Kibiti. Kalenda ya mto waliyoirithi wazee haitakuwa ile ile. Ndiyo sababu ujuzi wao unahitajika zaidi sasa: wao wanajua maji yalifika wapi, yalikaa siku ngapi, na mbegu gani ilistahimili.

Basi, wazazi wenzangu, Jumapili hii mpeni mtoto daftari na kalamu, aketi karibu na babu au bibi, aulize na kuandika. Mzee wa kwetu ameuliza habari za udongo kwa masika mengi. Bado hajapata wa kumjibu.