Moto wa jiko unaweza kuchaji simu, lakini piga hesabu kwanza

Kila tokeni zikipanda bei, zile video hurudi mitandaoni: jamaa anabandika kigae kidogo cheupe kando ya sufuria ya moto, taa inawaka, na chini ameandika eti kwaheri bili ya stima. Kabla chama chenu kitoe pesa za kuanzisha biashara hiyo, tuelewane.

Sayansi yenyewe si uongo. Joto linaweza kugeuzwa umeme moja kwa moja, bila mvuke wala mtambo wa kuzunguka. Msingi wake uliwekwa mwaka wa 1821 na mwanasayansi Thomas Johann Seebeck. Vyombo vya Voyager, ambavyo Marekani ilirusha angani mwaka wa 1977, vimezipita sayari zote vikitumia umeme wa aina hii, joto lake likitoka kwa plutoniamu.

Lakini kinacholeta umeme si joto tu, ni tofauti ya joto. Upande mmoja wa kigae uwe moto, wa pili uwe baridi. Pande zote mbili zikipata moto sawa, umeme unakatika. Ndiyo maana jua la Lodwar, hata liwe kali vipi, haliwezi peke yake kuwasha taa kwa njia hii.

Pili, vigae hivi ni vivivu. Katika kila sehemu 100 za joto linalopita ndani yake, sehemu 5 hivi ndizo hugeuka umeme. Sishangai basi kwamba Olkaria, penye joto jingi la ardhini, bado hutegemea mvuke na mitambo mikubwa.

Sasa tuje jikoni. Tuseme kigae kinatoa wati 2. Betri ya simu ya 5,000 mAh hubeba takriban wati-saa 18. Hiyo ni saa 9 za moto usiozimika! Ukinunua makaa ili uchaji simu, umekula hasara. Paneli ndogo ya sola itakuhudumia vizuri zaidi.

Je, teknolojia hii haina maana? Inayo, ila si pale video zinapotuonyesha. Majiko kama ya BioLite, yaliyouzwa pia humu nchini, hutumia umeme huo kuendesha feni ndogo inayopuliza hewa motoni. Joto tayari lipo kwa sababu mtu anapika, na feni haihitaji wati nyingi. Moto ukipata hewa ya kutosha huwaka vizuri, kuni hupungua na moshi pia. Kwa mama anayepika kwa kuni kila siku, mtoto akiwa mgongoni, mapafu yaliyopona moshi ni faida kubwa kuliko asilimia chache za chaji. Simu ni nyongeza tu.

Kwa mafundi chipukizi: vigae vingi vya bei rahisi vilitengenezwa kupoza friji ndogo. Ukikiweka kimoja juu ya makaa, solda ya ndani huyeyuka na pesa zako zimeenda.

Kwa hivyo anayekuuzia ndoto hii muulize maswali mawili. Upande baridi unapozwa na nini? Na baada ya saa moja ya kupika, bado kuna wati ngapi? Akianza kuzungukazunguka, weka pesa zako mfukoni.