Hoteli za Nairobi: pointi za uanachama zinamfaidi nani, msafiri wa Kivu ao kampuni?

Mfanyabiashara wa Butembo anayefuata bidhaa, mgonjwa wa Bukavu mwenye randevu kwa daktari, mfanyakazi wa ONG wa Goma anayeitwa kwenye semina: wote watatu wakifika Nairobi wanakutana na swali moja. Walale wapi kwa bei ya katikati, pahali ambapo si gesti ya chini kabisa na si hoteli ya mawaziri? Na siku hizi, kwenye meza ya mapokezi, kunakuja swali la pili: “Je, wewe ni mwanachama wetu?”

Swali hilo linaonekana dogo, lakini linagusa mifuko ya watu wengi wa mashariki mwa Congo. RDC iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwezi wa Septemba 2023 Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani. Mlango ulifunguka. Kisha, Januari 2025, vita vilipoingia Goma, kiwanja cha ndege cha mji huo kilifungwa na benki zikafunga milango. Msafiri wa Goma akalazimika kupita Kigali ao Entebbe ili kupanda ndege. Safari ikawa ndefu zaidi, na kila dola inayobaki kwa ajili ya kitanda ikawa na uzito.

Ndiyo sababu inafaa kuuliza: kadi ya uanachama wa hoteli inamsaidia kweli msafiri huyu, ao inamvuta alipe zaidi? Tukifuata hesabu, jibu ni hili: kadi ni nzuri kama punguzo dogo la mwisho, lakini ni mbaya sana kama kiongozi wa safari.

Kadi hiyo ni nini

Makampuni makubwa ya hoteli duniani yana kila moja programu yake: Marriott Bonvoy, Hilton Honors, ALL ya kampuni ya Kifaransa Accor, IHG One Rewards, Radisson Rewards. Kujiandikisha ni bure. Mtu anatoa jina, anwani ya barua pepe na namba ya simu, anapewa namba ya uanachama. Kila akilala katika hoteli yenye jina la kampuni hiyo, anapata pointi. Pointi zikifika kiasi fulani, anaweza kulipia chumba nazo.

Zamani mambo hayo yalikuwa ya Ulaya na Marekani. Leo yako karibu nasi. Mwaka 2014 Marriott ilinunua Protea, kampuni ya hoteli ya Afrika Kusini, na kwa hatua hiyo ikaingia katika miji mingi ya Afrika, Kampala ikiwemo. Nairobi, katika bei ya katikati, utakuta majina kama ibis Styles ya Accor na Park Inn ya Radisson huko Westlands, na upande wa kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta kuna Hilton Garden Inn na Four Points ya Marriott. Hata Kinshasa, katika mtaa wa Gombe, majina ya namna hiyo yapo.

Pesa inayochapwa na mtu mmoja

Wazee wetu wanajua maana ya kuweka akiba katika noti ambazo mwenye kuzichapa anaweza kuamka asubuhi na kubadilisha thamani yake. Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 ziliondolewa sokoni kwa ghafula. Mwaka 1993, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Waliokuwa wameficha noti chini ya godoro wanakumbuka.

Pointi za hoteli zinafanya kazi kwa namna hiyo. Kampuni ndiyo inayozitoa, ndiyo inayopanga bei ya chumba kwa pointi, na ndiyo inayoweza kupandisha bei hiyo. Kwa muda mrefu Marriott na Hilton walikuwa na jedwali: hoteli ya ngazi fulani, pointi kadhaa, kila mtu anajua. Hilton iliacha jedwali hilo mwaka 2017, na Marriott ikafuata mwaka 2022. Sasa bei kwa pointi inapanda na kushuka kulingana na siku na wingi wa wateja. Mtu aliyekuwa akikusanya kidogo kidogo anaweza kufika na kukuta chumba alichokipigia hesabu kimepanda.

Accor inafanya tofauti: kwake pointi 2.000 zinapunguza euro 40 kwenye faktire. Hiyo ni wazi zaidi. Lakini angalia njia ya kuzifikia. Mwanachama wa ngazi ya kwanza anapata pointi 25 kwa kila euro 10 katika hoteli kama Novotel, na ibis inatoa nusu yake. Maana yake, katika Novotel unatumia euro 800 ili upate punguzo la euro 40. Ni asilimia 5. Katika ibis, ni asilimia 2 na nusu.

Tena pointi zinakufa. Kwa Marriott na Hilton, mwanachama asiyefanya lolote kwa miezi 24 anazipoteza. Kwa Accor, mwanachama wa chini ana mwaka mmoja tu. Mtu wa Beni anayekwenda Nairobi mara moja kwa miaka miwili anajaza ndoo iliyotoboka. Katika likelemba, kila mmoja anajua zamu yake na kiasi atakachopokea. Hapa zamu na kiasi viko mikononi mwa mwenye duka.

Jina linaondoka, jengo linabaki

Kuna jambo jingine ambalo wateja wengi hawalijui. Makampuni haya makubwa kwa sehemu kubwa hayamiliki majengo. Mwenye jengo ni mtu mwingine, ao kampuni nyingine, ao hata serikali. Kampuni ya hoteli inaleta jina, kanuni za kazi na njia ya kupokea wateja, kisha inalipwa. Mkataba ukiisha, jina linaweza kushushwa.

Nairobi ni shahidi. Hilton ya katikati ya mji, ule mnara wa mviringo uliojulikana na kila mtu, ilifunguliwa mwaka 1969 na ikafungwa mwishoni mwa Desemba 2022. InterContinental, nayo ya mwaka 1969, ilitangaza kufunga mwaka 2020, wakati wa Covid-19. Mwanachama aliyezoea kulala hapo katikati ya mji hakupoteza pointi zake, lakini alipoteza pahali pa kuzitumia karibu na kazi zake. Kwa hiyo uaminifu wako uko kwa jina, na jina halina mizizi.

Hesabu ya siku nne

Tuchukue mfano. Tuseme mfanyabiashara anakaa Nairobi usiku nne, na kazi zake ziko Gikomba, Kamukunji na Eastleigh. Ana hoteli mbili mbele yake. Ya kwanza ina jina la kimataifa, iko Westlands, dola 110 kwa usiku, chakula cha asubuhi ni dola 15 pembeni. Ya pili haina jina kubwa, iko karibu na katikati ya mji, dola 75, chakula cha asubuhi ndani ya bei.

Hoteli ya kwanza: dola 440 za chumba na 60 za chakula, jumla 500. Ongeza taksi, tuseme dola 10 zaidi kila siku kwa sababu ya umbali na msongamano wa magari. Anafika 540. Hoteli ya pili: dola 300. Tofauti ni dola 240.

Sasa pointi. Marriott na Hilton wanatoa, katika hoteli zao nyingi, pointi 10 kwa kila dola ya chumba. Dola 440 zinaleta pointi 4.400. Lakini pointi moja ya makampuni hayo, ukiitumia kulipia chumba, kwa kawaida haifikii thamani ya senti moja ya dola. Kwa hiyo zote pamoja hazifiki dola 44. Hata tukiongeza punguzo la mwanachama, tuseme asilimia 5, yaani dola 22, bado mtu wetu ametupa zaidi ya dola 170 ili aitwe mwanachama. Kwa pesa hiyo angeongeza mizigo.

Geuza mfano. Mgonjwa ana randevu katika hospitali za Parklands, jirani kabisa na Westlands. Hoteli mbili za Westlands zinatofautiana dola 5, na moja ina programu. Hapo kadi ina maana: inavunja usawa. Vilevile kwa mtu anayetua usiku sana na kuondoka asubuhi, hoteli ya karibu na kiwanja cha ndege inaweza kumwokolea taksi mbili. Lakini angalia vizuri: katika mifano yote miwili, kilichochagua hoteli ni mahali ilipo. Pointi zimekuja nyuma.

Ajansi, faktire na kadi ya benki

Wasafiri wengi wa kwetu wanapitia ajansi ya safari, ao wanatafuta chumba kwenye majukwaa ya intaneti kama Booking.com. Ni haki yao, na mara nyingine bei ni nzuri. Lakini kwa kanuni ya makampuni haya, chumba kilichonunuliwa kupitia jukwaa la namna hiyo kwa kawaida hakileti pointi, wala hakihesabiwi kwenye ngazi ya uanachama. Anayetaka pointi anapaswa kuagiza kwa kampuni yenyewe. Wengi wanagundua hilo wakati wa kulipa, na wamechelewa.

Kwa wafanyabiashara wanaosafiri kwa kikundi, kuna kanuni moja yenye faida: Marriott inampa mwanachama pointi za vyumba hadi vitatu, akiwa yeye mwenyewe analala katika kimoja na analipa vyote. Kikundi kinaweza kukubaliana mapema nani aandikishe, na namna ya kugawana faida.

Bei nayo isomwe mpaka mwisho. Kenya inatoza kodi ya VAT ya asilimia 16, na juu yake kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2. Uliza kama bei uliyoonyeshwa ina hizo ndani. Pointi hazihesabiwi juu ya kodi.

Kuna pia mambo ya malipo. Hoteli nyingi za majina makubwa zinaomba kadi ya benki kama dhamana, na zinafunga kiasi fulani cha pesa mpaka siku ya kuondoka. Kwa mtu anayetoka mji ambao benki zimefungwa, mwenye dola mkononi tu, hilo linaweza kumwacha mlangoni saa tano za usiku. Piga simu ao andika kabla ya safari: wanapokea dhamana kwa pesa taslimu? Kiasi gani? Inarudishwa lini?

Pesa ya nani, pointi za nani

Wanaofaidika zaidi na programu hizi ni wale wanaolala hotelini mara nyingi huku analipa mtu mwingine. Kwa Marriott, ngazi ya Silver inahitaji usiku 10 kwa mwaka, Gold 25, Platinum 50. Mwenye Gold anaweza kubaki chumbani mpaka saa nane mchana kama nafasi ipo. Mwenye Platinum anaweza kuomba mpaka saa kumi. Ni faida ya kweli kwa mwenye ndege ya usiku. Lakini nani kati yetu anafikisha usiku 25? Ni wafanyakazi wa ONG, wa miradi, wa serikali.

Hapo kuna jambo la kusema wazi. Hoteli inalipwa na mradi, lakini pointi zinaingia kwa jina la aliyelala. Kama hoteli mbili zinafaa kwa kazi na moja ni dola 40 ghali zaidi, na mfanyakazi anachagua ile ghali kwa sababu ya pointi zake, amechukua pesa ya mradi kwa mkono wa pembeni. Katika mikoa ambako watu waliokimbia vita wanalala chini ya maturubai, hilo si jambo dogo. Mashirika yanaweza kulimaliza kwa mstari mmoja katika kanuni zao: kwanza bei na umbali, kisha mfanyakazi yuko huru kuandika namba yake ya uanachama.

Tusisahau kwamba uanachama nao una bei isiyoandikwa kwenye faktire: habari zako. Novemba 2018, Marriott ilitangaza kwamba wezi wa mtandao walikuwa wameingia katika hifadhi ya wateja wa Starwood, kampuni iliyoinunua mwaka 2016. Mamilioni ya wateja waliguswa, na namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 zilikuwa hazikufungwa kwa siri. Mwaka 2020, Uingereza iliitoza faini ya pauni milioni 18,4. Kwa hiyo toa habari zinazohitajika tu, na usitumie neno la siri lile lile la barua pepe yako.

Basi, kwa msafiri wa kwetu, mpangilio ni huu. Kwanza, kazi iko mtaa gani. Pili, jumla ya bei: chumba, kodi, chakula cha asubuhi, taksi. Tatu, dhamana na masharti ya kufuta, maana kwetu barabara ao mpaka unaweza kufungwa bila taarifa, na chumba cha bei ndogo kisichorudisha pesa kinaweza kuwa ghali kuliko vyote. Nne, kama hoteli mbili bado ziko sawa, toa kadi yako. Na ukipata pointi, zitumie mapema. Hazizai riba kwa kungojea.