Hofu si Aibu

Watoto wapendwa, je, mmewahi kusikia neno sarakasi? Ni michezo ya watu wanaoruka, wanaopinduka hewani na kutembea juu ya kamba mbele ya watazamaji. Leo nitawaambia habari za kitabu kimoja cha picha juu ya michezo hiyo. Kisha nitawaambia ninavyofikiri mimi juu ya hofu.

Kitabu hicho kilitungwa na bibi mmoja wa Marekani, Emily Arnold McCully, ambaye alichora pia picha zake. Kilitoka mwaka 1992, na mwaka 1993 kilipewa medali ya Caldecott, tuzo kubwa ya vitabu vya picha huko Marekani. Kinamsimulia Mirette, binti wa mjane mwenye nyumba ya wageni mjini Paris. Siku moja anafika mgeni mkimya, jina lake Bellini. Mirette anamwona uani akitembea juu ya kamba, naye anatamani kufanya vile vile. Anajaribu, anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Mwishowe Bellini anakubali kumfundisha.

Baadaye Mirette anasikia kwamba Bellini alikuwa mtu mashuhuri, na kwamba alivuka maporomoko ya Niagara juu ya kamba. Msidhani jambo hilo haliwezekani. Mwaka 1859 Mfaransa aitwaye Blondin alivuka hivyo bonde la Niagara, juu ya kamba yenye urefu wa zaidi ya mita 300. Basi, kwa nini Bellini aliacha kazi yake? Anakiri mwenyewe: hofu ilimwingia. Usiku mmoja anajaribu tena, juu sana ya mapaa ya Paris. Miguu inakataa kwenda. Ndipo Mirette anapanda, anamnyoshea mikono. Bellini anaanza kutembea, naye Mirette anamwendea juu ya kamba.

Watu wengine husema: shujaa haogopi. Mimi sikubali. Tazameni Wagenia hapa kwetu Kisangani. Wamesimamisha miti mikubwa katika matundu ya mawe ya maporomoko, wakaifunga kwa kamba za mwituni. Wanatembea juu yake, maji yakinguruma chini, ili washushe na kupandisha migono yao ya samaki. Wanaujua mto na nguvu zake. Kwa hiyo wanaangalia kila mahali wanapokanyaga. Mtoto wao hafundishwi kwa kusukumwa majini. Anajifunza kando ya wakubwa wake, kidogo kidogo. Wahenga walisema: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hofu kidogo ni mlinzi wetu.

Kwa hiyo jambo moja la Mirette silisifu: alianza kujifunza peke yake, kwa siri. Ninyi msifanye hivyo, wala kambani wala mtoni.

Lakini kuna hofu nyingine isiyotulinda, inayotufunga tu. Zamani nilikuwa na mwanafunzi aliyetetemeka kila alipoitwa kusoma mbele ya ubao. Wenzake walicheka. Nami nilinyamaza, nikidhani kicheko kitamfanya awe hodari. Baada ya majuma machache hakurudi tena shuleni. Kosa lile ni langu, na hata leo linaniuma. Mtoto yule hakukosa akili. Alikosa mtu mmoja wa kumnyoshea mkono.

Ndiyo sababu nakipenda kitabu hiki. Hakisemi kwamba Bellini alikaripiwa, wala kwamba alichekwa, hata akapona hofu yake. Kinasema kwamba mtu mmoja, tena mtoto mdogo, alimwendea.

Basi kesho, mwenzako akisimama mbele ya ubao na sauti yake ikikwama, usicheke. Mtazame kwa upole, umngoje. Na siku utakapokwama wewe, usione haya kusema: Naogopa, nisaidie.