Tusiiachie kompyuta ijiamulie cha kuhifadhi



Katika nyumba nyingi za hapa Dodoma, kompyuta imekwisha kuwa sanduku la familia. Ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilivyopigwa picha, hati ya kiwanja cha Nala au Ihumwa, cheti cha ndoa, wasia wa mzee, kazi za kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, na picha za Idi za miaka mingi. Sanduku la mbao la bibi zetu lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulijulikana uko kwa nani. Sanduku hili jipya lina tabia ambayo lile halikuwa nayo: hujinakili lenyewe, na wakati mwingine hupeleka nakala hizo mbali, hali mwenye nyumba hana habari.

Sisi katika kamati ya msikiti hufikiwa na malalamiko ya aina mbili kuhusu jambo hili. Wa kwanza husema kompyuta imejaa na bando linakwisha bila sababu, hivyo anataka kila kitu kinachojihifadhi kizimwe. Wa pili husema kompyuta imekufa na kila kilichokuwamo kimekwenda nayo, ilhali fundi aliyemuuzia alimhakikishia kwamba inahifadhi nakala yenyewe. Malalamiko haya yanaonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja: mwenye kompyuta hakujua ni nakala ya nini inayohifadhiwa, inawekwa wapi, na lini. Rai yetu wiki hii ni kwamba asizime yote wala asiache yote. Aamue mwenyewe.

Nakala za aina tatu

Kompyuta nyingi majumbani hutumia Windows, kwa hiyo tutaisemea hiyo. Ndani yake mna kazi tatu za kujihifadhi ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza huitwa System Restore. Hii huhifadhi hali ya mfumo wenyewe, yaani mafaili ya Windows, programu na mipangilio, ili ikitokea programu mpya imeharibu mambo, kompyuta irudishwe ilivyokuwa siku kadhaa nyuma. Haihifadhi picha wala nyaraka zako. Hapa ndipo wengi hudanganyika: wanaona kompyuta imetengeneza nakala, wanadhani wasia wa baba umo. Haumo. Aidha, nakala hiyo hukaa ndani ya diski ile ile, hivyo diski ikifa, nayo imekufa.

Ya pili huitwa File History. Hii ndiyo inayonakili nyaraka na picha, na huzipeleka kwenye diski ya nje unayoichomeka kwa waya wa USB. Haifanyi kazi mpaka mwenye kompyuta aiwashe na kuionyesha diski. Ikishawashwa, kwa kawaida hunakili kila saa moja na kuyatunza matoleo yote daima, jambo linaloweza kuijaza diski usipoipangia kiasi.

Ya tatu ni OneDrive, huduma ya kampuni ya Microsoft inayohifadhi mafaili kwenye mitambo yao kupitia intaneti. Unapoiandaa kompyuta mpya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, huduma hii inaweza kuanza kuyachukua mafaili yaliyo kwenye uso wa kompyuta, folda ya nyaraka na folda ya picha, na kuyapeleka huko. Nafasi ya bure ni GB 5. Kwa picha za simu zenye MB 3 kila moja, hizo ni picha 1,700 hivi. Kwa nyumba inayotumia intaneti ya kuchotea kutoka kwenye simu, kuijaza nafasi hiyo kunagharimu GB 5 za bando, nazo huenda bila mtu kuangalia video hata moja.

Siyo bando peke yake

Lakini gharama ya bando ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya sitara. Mama aliyepiga picha na mabinti zake nyumbani, bila mtandio, kwenye chumba cha harusi cha wanawake, hakukusudia picha hizo zitoke nje ya nyumba. Zikinakiliwa kutoka kwenye simu na kuwekwa kwenye folda ya picha ya kompyuta iliyounganishwa na huduma ya mtandaoni, zimetoka. Tena si lazima zionwe na mgeni wa mbali. Mara nyingi anayeziona ni wa karibu: akaunti ile ile imefunguliwa kwenye simu ya shemeji, au kwenye kompyuta ya ofisini kwa baba, na picha zinajitokeza huko kwa sababu akaunti ni moja.

Jambo hili linatuhusu zaidi sisi tunaoshika amana za watu. Makatibu na waweka hazina wengi wa misikiti hutumia kompyuta zao za nyumbani kuandika orodha za waumini, michango, mayatima na wanaopokea zaka. Orodha ya wanaopokea zaka ni heshima ya watu, na haifai kusafiri kwa sababu tu mtu hakugusa kitufe. Sheria ya nchi nayo imelisemea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na ina sehemu mahususi kuhusu kuzisafirisha nje ya nchi.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kuhifadhi mtandaoni ni kosa. Nyumba inaweza kuungua au kuvunjwa na wezi wakachukua kompyuta na diski kwa pamoja, na hapo nakala iliyo mbali ndiyo itakayosalia. Tunachosema ni kwamba isiwe ndiyo pekee. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti ipitayo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota nchini kote, kuanzia pwani hadi huku bara. Sasa, OneDrive ina kawaida ya kuacha kwenye kompyuta jina la faili tu, likiwa na alama ndogo ya wingu, ilhali faili lenyewe liko kwenye mitambo ya mbali. Mwenye faili kama hilo siku kama ile huliona jina lake na hawezi kulifungua.

Namna ya kushika usukani

Anza na OneDrive, lakini usianze kwa kuzima. Kwanza nunua diski ya nje, kisha nakili humo kila kilicho muhimu na ukifungue kuhakikisha kimefika. Tunasisitiza utaratibu huu kwa sababu aliyezima kwanza huweza kukuta folda yake ya nyaraka ni tupu. Mafaili hayajafutika, yamebaki ndani ya folda ya OneDrive, ila hofu humfanya mtu abonyeze ovyo na kuyapoteza kweli. Kumbuka pia kwamba ukifuta faili ndani ya folda hiyo, hufutika na mtandaoni, na kwa akaunti ya mtu binafsi unazo siku 30 tu za kuliokoa kwenye kapu la taka.

Ukishamaliza kunakili, bofya alama ya wingu iliyo chini kulia karibu na saa, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya kuhifadhi nakala. Utaonyeshwa folda moja moja. Zima folda ya picha ikiwa ndiyo yenye sitara ya familia, na uache ya nyaraka ukipenda. Folda moja kuzimwa na nyingine kuachwa inawezekana, na hapo ndipo uamuzi wako unapoonekana.

Pili, linda bando. Kwenye mipangilio ya mtandao, fungua jina la Wi-Fi unayotumia, kisha uiarifu kompyuta kwamba mtandao huo ni wa kulipiwa kwa kipimo. Kwa kawaida OneDrive husimama ikiona hivyo, na Windows nayo hupunguza kujipakulia masasisho. Fanya hivyo kwa mtandao wa simu yako, na usifanye kwa ule wa ofisini usio na kipimo.

Tatu, ipangie kiasi System Restore. Iko kwenye dirisha la sifa za mfumo, chini ya ulinzi wa mfumo. Katika kompyuta nyingine imezimwa tangu mwanzo, hivyo hakikisha. Tunashauri iwashwe, ila itengewe asilimia 5 ya diski. Kwa diski ya GB 256 hizo ni kama GB 13. Ikifika hapo hufuta nakala za zamani na kuweka mpya.

Nne, washa File History na kuielekeza kwenye diski ya nje. Badala ya kila saa, ipangie mara moja kwa siku, na badala ya kutunza matoleo daima, ichagulie itunze mpaka nafasi itakapohitajika. Halafu usiiache diski hiyo imechomekwa siku zote. Kuna virusi vinavyofunga mafaili yote kwa nywila na kudai fedha, navyo havibagui diski kuu na diski iliyochomekwa. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo nao haubagui. Chomeka diski Ijumaa jioni, iache imalize kunakili, iondoe, iweke kabatini mbali na vumbi letu la kiangazi.

Wenye Windows 10 wana jambo la ziada. Microsoft iliacha kuihudumia kwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itaendelea kuwaka, lakini mianya mipya ya kiusalama haizibwi kama zamani. Mwenye kompyuta ya namna hiyo anaihitaji zaidi diski ya kabatini.

Nakala tatu, na moja iwe mbali

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ambayo mafundi wengi wanaifuata: ziwepo nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Waislamu hawapaswi kuiona ngeni. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa wahifadhi wengi, Abu Bakr (radhi za Allah ziwe juu yake) aliagiza Qur'ani ikusanywe kwa maandishi, na mkusanyo huo baadaye ukakaa kwa Bibi Hafsa. Katika ukhalifa wake, Uthman (radhi za Allah ziwe juu yake) aliamuru zinakiliwe nakala na kupelekwa kwenye miji mikubwa. Qur'ani ilikuwa vifuani, na bado waliandika, wakateua mtunzaji, kisha wakazitawanya nakala kwa makusudi.

Kwa familia ya hapa, nakala ya mbali si lazima iwe ya mtandaoni. Flashi yenye nyaraka kumi muhimu, iliyofungwa kwa nywila na kukabidhiwa kaka aliyeko Singida au dada aliyeko Kondoa, inatosha, mradi ibadilishwe kila mwaka.

Lililobaki ni kujaribu. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni dhana tu. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, chomeka diski na ufungue faili moja la zamani, cheti au picha, uone kama linasomeka. Mwenzi wako naye aonyeshwe diski iko wapi na nywila imeandikwa wapi, kwa maana mauti hayapigi hodi. Mjane asiyeweza kuufungua wasia wa mumewe wala orodha ya madeni yake hana tofauti na yule ambaye mumewe hakuandika kitu.

Wabillahi tawfiq.