Simu mbili ziko meza moja, mbona pesa zizunguke hadi kwa mnara?

Wateja wetu wa maeneo ya mbali hutuuliza swali hili kila mara, na wana haki ya kuuliza. Simu yangu iko hapa, ya muuzaji iko pale, hatua mbili tu. Mbona pesa lazima zipitie mnara kwanza? Na mnara ukizima, tukae tu tukitazamana?

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Hata ukiwa na bando na mtandao uko sawa, simu nyingine haiwezi kuifikia yako moja kwa moja kwa urahisi. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, ambazo bado zinatumika sana, ni kama bilioni 4.3 pekee, na hazitoshi vifaa vyote vya dunia. Kwa hivyo kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fikiria ploti yenye geti moja na soja mmoja. Ukitoka wewe ukaagiza kitu, soja anakumbuka, na kikifika anakuletea mlangoni. Lakini mgeni akija bila kutarajiwa anarudishwa, kwa sababu soja hajui aende chumba gani. Sasa simu mbili zikiwa kwenye ploti mbili za aina hiyo, kila moja inangoja nyingine itoke kwanza. Ndiyo maana programu nyingi zinazojiita za simu kwa simu bado hutegemea seva ya kuzitambulisha, halafu ndio zinaongea zenyewe.

Iko njia ya kuruka hayo yote: Bluetooth. Mwaka 2014 waandamanaji wa Hong Kong walitumia programu ya FireChat, ambapo meseji iliruka kutoka simu hii hadi ile bila intaneti. Ilisaidia kwa sababu watu walikuwa wamebanana barabarani. Njia ya kwenda North Horr ni hadithi nyingine. Unaweza kutembea sana kabla ya kukutana na simu ya pili.

Tuseme basi simu zimeonana. Meseji ni rahisi, maana ikinakiliwa mara kumi hakuna anayeumia. Pesa sivyo. Una shilingi 1,000. Unamlipa mwenye duka la unga kwa Bluetooth, mtandao haupo. Unavuka barabara, unamlipa mwenye mbuzi kwa 1,000 hiyo hiyo. Simu zao hazijaongea, kwa hivyo kila mmoja anaona amelipwa. Jioni mtandao ukirudi, mmoja wao amepoteza mali, na wewe ushaenda. Hata Bitcoin, isiyo na kampuni katikati, haijakwepa shida hii bila mtandao: kompyuta nyingi lazima zikubaliane nani alilipa nani kwanza, na haziwezi kukubaliana juu ya malipo ambayo hazijayaona.

Mtu atasema tunatetea ada yetu. Ni kweli, tunalipwa kwa kukaa katikati. Lakini kazi ya kukaa pale ni kuhakikisha shilingi moja haitumiki mara mbili, na ni mtu mmoja tu anayeumia kazi hiyo isipofanywa: aliyetoa bidhaa.

Hatusemi isijaribiwe. Benki Kuu ya India iliruhusu malipo bila mtandao Januari 2022, ikaanza na kikomo cha rupia 200 kwa malipo moja na 2,000 kwa jumla, mpaka mteja aingie mtandaoni tena. Vikomo vimepandishwa baadaye. Sisi tunaona huo ndio mwendo: kiasi kidogo, cha sukari na nauli ya boda, kikiwa kimefungiwa ndani ya chipu ya simu. Na hapa hatutaki maneno mengi. Udanganyifu ukitokea, hasara ibebwe na kampuni iliyotoa huduma, sio mama mboga. Kampuni isiyokubali sharti hilo isituletee simu kwa simu, hata sisi tukiwa ndio kampuni yenyewe.

Kwa sasa, mtandao ukipotea na mteja akuonyeshe meseji kwenye simu yake akisema "nimetuma", hiyo sio malipo. Meseji ya kweli inaweza kuchelewa, na ya uongo huandikwa kwa dakika moja. Angalia salio lako mwenyewe. Kama huwezi kuliangalia kwa sababu mtandao umeenda, mwekee mteja bidhaa pembeni, au mwandike deni kwa daftari kama unamjua. Bidhaa ikiwa ni mbuzi, ngojeni mnara urudi, nyote wawili mkiwa hapo.