Sifa Bila Kuonja

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii yajulikana na kila mtoto wa Malindi na Kilifi, kwa sababu minazi na wagema tunao machoni petu kila siku. Lakini wako watu wazima, waandikao katika magazeti na majarida, ambao ni kama hawajapata kuisikia. Nao ni wale watuleteao habari za michezo ya video iliyotungwa na vijana wa nchi hii.

Zitazame habari zao, msomaji. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo uitwao The Adventures of Nyangi. Sifa iliyotangulia katika habari zake ilikuwa kwamba ni wa kwanza. Mwaka 2015 ukatoka Nairobi X, mchezo wa Andrew Kaggia, ambao ndani yake jiji la Nairobi lavamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Huo nao ukatangazwa kwa sifa ile ile: wa kwanza wa aina yake. Kuwa wa kwanza ni sifa ya kalenda, si sifa ya mchezo.

Ukimaliza kusoma habari za namna hiyo, jiulize umejua nini. Umeambiwa umri wa mtungaji, taabu alizozipata, na fahari aliyoiletea nchi. Hukuambiwa kama mchezo watii vidole, kama wachosha baada ya nusu saa, wala kama simu ya bei nafuu yaweza kuubeba. Lakini mchezo wa Japani au Marekani ukitoka, waandishi huupekua kila upande na kuutolea alama. Basi mgeni hupimwa kwa mizani, na mwenyeji hupimwa kwa makofi. Wengi hudhani kuwa huo ni upendo. Mimi nauita dharau, maana asiyetarajia kitu chema kutoka kwako ndiye aridhikaye na chochote utoacho.

Watetezi wa desturi hii husema kuwa kazi hii bado ni changa, na kwamba maneno makali yataiua. Hoja hiyo haina nguvu. Wazee wa pwani yetu wachezapo bao barazani, watazamaji hawamshangilii mtu kwa kuwa ni wa mtaa wao. Huhesabu kete pamoja naye, na akikosea huambiwa pale pale. Katika ukali huo mabingwa wamepatikana, na bao halikufa.

Wala usidhani kuwa kazi ya kuhakiki ni ya wakubwa wa miji mikubwa tu. Mwaka 1984, katika Ludlow, mji mdogo wa Uingereza, lilianzishwa jarida liitwalo CRASH. Lilishughulikia michezo ya Spectrum, kompyuta ndogo iliyobuniwa nchini humo, na mingi ya michezo hiyo ilitungwa na vijana nyumbani kwao. Miongoni mwa wahakiki wake walikuwamo wanafunzi wa shule ya hapo mjini. Waliicheza michezo, wakaipa alama kwa asilimia, na mbaya wakaita mbaya, hata kama mtungaji alikuwa Mwingereza mwenzao. Ufundi wa Uingereza haukuangamia kwa sababu hiyo.

Anayeumizwa na sifa za bure ni nani? Kwanza ni mnunuzi. Kijana wa Watamu atoaye shilingi zake chache kununua bando, kisha akapakua mchezo usiochezeka, hatarudi tena kwa kazi ya Mkenya, hata siku itakapokuwa njema. Pili ni mtungaji mwenyewe. Amesifiwa na watu wasiomchezea mchezo wake. Atajuaje pa kurekebisha?

Basi, ewe mwanafunzi, usingoje majarida yajirekebishe. Gazeti la ukutani la shule yako latosha kuanzia. Chagua mchezo mmoja wa Kenya, uucheze mpaka mwisho, kisha uandike ulipokupendeza, ulipokuudhi, na sababu ya kila moja. Usimtukane mtungaji, wala usimpambe. Ukimaliza, mpelekee nakala. Akikasirika, atatulia, na toleo lake lijalo ndilo litakalokujibu.