HOTELI YA JANGWANI: BARIDI HII ANAILIPA NANI?



Kuna watu katika inchi yetu ambao wakirudi kutoka safari ya Ulaya au Arabuni hawana habari nyingine ila habari ya hoteli. Watakuambia kitanda kilikuwa kipana namna gani, nyama ilikuwa ya namna ngapi, na jinsi mlango ulivyojifungua wenyewe. Kisha watamaliza kwa neno lile lile: «Wale watu wameendelea. Sisi bado.» Neno hilo tumelisikia mara nyingi mno. Leo tunalijibu, maana sisi pia tumelala huko, na sisi ni makarani wa mgodi. Kazi yetu ni kusoma hesabu, si kusifu mapazia.

Mwezi wa saba 2025 tulitumwa watu watatu Doha, mji mkuu wa Qatar, kwa mkutano wa mambo ya madini. Waliotualika walitulipia usiku tatu katika hoteli moja kubwa ya kimataifa kando ya bahari. Jina lake hatulitaji, sababu hatugombani na hoteli moja.

Tuseme kwanza yale tuliyoyaona. Nje jua lilikuwa kali hata chuma cha mlango wa gari kilichoma mkono. Tukapita mlango wa vioo, na mara tukaingia katika baridi kama ya asubuhi ya mwezi wa sita Lubumbashi. Mwenzetu mmoja akavaa koti. Katikati ya ukumbi maji yalirukaruka juu ya mawe yaliyong'arishwa, mchana na usiku, bila mtu wa kuyanywa. Chumbani tukakuta vitambaa vya kujifutia vinane kwa mtu mmoja, na kikaratasi kinachotuomba kwa adabu tusivitupe chini kila siku, ili tusaidie kuhifadhi maji.

Tulicheka. Inchi ile haina mto hata mmoja. Mvua yake ya mwaka mzima haifiki ile inayonyesha kwetu Katanga kwa mwezi mmoja wa masika. Maji yanayonywewa ni karibu yote maji ya bahari, yaliyotolewa chumvi kwa mashini kubwa, na mashini hizo zinakula gesi inayochimbwa chini ya bahari. Baridi ya chumba nayo inatoka katika gesi hiyo hiyo. Basi katika jangwa hakuna kitu cha bure, wala tone la maji, wala upepo. Kila kitu kimelipwa. Ndipo karani anauliza swali lake: kimelipwa na nani?

Jibu la kwanza kila mtu analijua: kimelipwa na gesi na mafuta. Ni kweli. Mafuta yaligunduliwa huko Dukhan karibu na mwaka 1940 na kuanza kuuzwa ng'ambo mwaka 1949. Uhuru wao kutoka ulinzi wa Waingereza waliupata mwaka 1971, miaka kumi na moja baada yetu. Hatuna kijicho. Tena tunawasifu: mali ya chini ya udongo wao imejenga shule na hospitali zao, wakati ya kwetu imejenga nyumba za watu wengine.

Lakini kuna jibu la pili, na hilo halikuandikwa katika karatasi ya hoteli.

Jioni ya kwanza tulikuwa tunabishana mlangoni kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Kijana aliyefungua milango ya magari akageuka upesi. «Ndugu zangu, ninyi ni wa wapi?» Tukamwambia: Kongo, Lubumbashi. Akacheka, akasema Kiswahili chetu kimemeza Kifaransa. Yeye ni mtu wa Kenya. Kisha akaona kapita wake anakuja, akanyamaza, akasimama wima tena.

Usiku wa pili tulimkuta nyuma ya jiko, anangoja basi pamoja na wenzake, watu wa Uganda, Nepal na Bangladesh. Hapo alitueleza kwa sauti ndogo. Aliuza ng'ombe wawili na kukopa kwa mjomba wake ili amlipe wakala aliyemtafutia kazi. Aliahidiwa mshahara mmoja, akakuta mwingine. Hoteli haikumwandika kazi yeye. Ameandikwa na kampuni ya walinzi, nayo kampuni inamkodisha kwa hoteli. Pasipoti yake imefungiwa katika sanduku la kampuni, «kwa usalama wake». Analala kusini-magharibi ya mji, katika mtaa wa viwanda, watu sita katika chumba kimoja. Katika mwezi ule alikuwa hajapata siku ya kupumzika.

Wandugu, tulimsikiliza na hatukushangaa. Wazee wetu walituhadithia habari hiyo hiyo. Kapita, kambi, buku ya kazi inayokaa mikononi mwa mkubwa, posho, na mtu asiyeweza kuondoka bila ruhusa: nani katika Katanga anahitaji kufundishwa maneno hayo? Babu zetu wa Union Minière waliyajua. Mwezi wa kumi na mbili 1941 waliomba nyongeza ya mshahara huko Élisabethville, na jibu lao lilikuwa risasi, katika uwanja wa mpira.

Tutakuwa watu wa haki. Serikali ya Qatar imebadili sheria. Kuweka pasipoti ya mfanyakazi kulikatazwa zamani. Mwaka 2020 iliondolewa ile barua ya ruhusa ambayo mfanyakazi alipaswa kuipata kwa bwana wake kabla ya kuhamia kazi nyingine. Tangu mwezi wa tatu 2021 mshahara wa chini ni riali 1,000 kwa mwezi, pamoja na riali 500 za nyumba na 300 za chakula kama mwajiri hatoi vitu hivyo mwenyewe. Mwaka ule ule walikataza kazi za juani tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Sheria hizo ni nzuri. Lakini karani anajua: buku ya sheria na buku ya mshahara ni buku mbili. Na askari mlinzi mmoja wa Kenya, aliyeandika mambo ya maisha yao ili dunia iyasome, alikamatwa mwezi wa tano 2021 na baadaye akatozwa faini ya riali 25,000. Basi mwenye kusema kwamba mambo yote yamekwisha kutengenezwa, atuambie kwanza kwa nini kijana wetu wa mlangoni alisema kwa sauti ndogo.

Sasa hesabu. Riali 1,000 ni kama dola 275. Usiku mmoja wa chumba chetu ulipita riali 900. Maana yake, sisi watu watatu, kwa usiku tatu, tulilala juu ya mshahara wa miezi minane ya mtu. Wala hatukuwa watu wakubwa! Tulikuwa wachukuzi wa karatasi.

Kuna watakaotukemea. Watasema: «Ninyi mlikula na kulala bure, kisha mnamtukana mwenyeji.» Hatumtukani. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe letu ni kalamu, na siku ya tatu tumeishika. Wengine watasema: «Kijana huyo angekaa kwao asingepata hata nusu ya mshahara huo.» Labda ni kweli. Lakini ndivyo mkoloni alivyotuambia sisi: kijijini ulikuwa na nini? Umasikini wa mtu si ruhusa ya kumwibia.

Wengine watauliza: «Mambo ya Doha yanatuhusu nini?» Yanatuhusu sana. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili. Tarehe 18 Machi Rais Tshisekedi na Rais Kagame walikutana Doha mbele ya Amiri wa Qatar. Tarehe 19 Julai, huko huko Doha, serikali yetu na M23 walitia sahihi tangazo la kanuni za kupatana, na tarehe 15 Novemba mkataba wa kuongoza mazungumzo. Mambo ya damu yetu yameandikwa katika mji ule wa jangwani. Ni desturi ya mji huo. Hoteli ya Sheraton, iliyojengwa kama piramidi kando ya bahari na kufunguliwa mwaka 1982, iliona mkutano wa biashara ya dunia mwaka 2001, na tarehe 29 Februari 2020 iliona Wamarekani na Taliban wakitia sahihi mapatano yao.

Hatukatai kupatana, hata kama ni mbali. Afadhali maneno marefu kuliko kaburi. Lakini tunawaambia wajumbe wetu: angalieni baridi ile! Mtu akilala mahali ambapo jua halimfikii, wala njaa, wala harufu ya jasho, siku haziendi. Juma moja linakuwa mwezi. Mama wa Kivu aliyelala chini ya turubai anazihesabu siku; mjumbe katika chumba cha baridi anahesabu vyakula.

Tena tukumbuke mwaka 1960. Wakubwa wetu waliitwa Brussels kwa Meza ya Duara, tangu 20 Januari hadi 20 Februari. Huko walipata tarehe ya uhuru, 30 Juni, na African Jazz wakapiga muziki katika Hoteli Plaza. Furaha ilikuwa ya haki kabisa. Lakini mwezi wa nne na wa tano Wabelgiji waliweka meza ya pili, ya mambo ya feza na makampuni. Huko wengi wa wakubwa wetu hawakuwapo. Walikuwa katika uchaguzi. Wimbo tuliupata sisi, hesabu wakaiandika wengine. Basi leo pia: sherehe ya kutia sahihi inapigwa picha, lakini nani anasoma karatasi ya madini inayopita chini ya meza?

Na neno la mwisho linatuchoma sisi wenyewe. Usiku ule, kijana wa Kenya alipotueleza jinsi kampuni moja inavyomkodisha kwa kampuni nyingine, tulitazamana. Kwetu Kolwezi na Likasi si vilevile? Mtu anachimba katika mgodi mkubwa, lakini ameandikwa na kampuni ndogo ya vibarua. Mshahara wake ni mdogo kuliko wa jirani anayefanya kazi ile ile. Akivunjika mguu, mgodi unasema: huyu si wetu. Sisi makarani ndio tunaoandika orodha hizo mbili. Mkono wetu ndio unaotenganisha majina. Hatuwezi kulaani kambi ya Doha na kupiga muhuri juu ya kambi ya Kongo.

Kwa hiyo tunasema wazi tunayoyataka.

Moja: kila mjumbe wa Kongo anayelala hotelini kwa jina la taifa, hesabu yake ichapishwe: usiku ngapi, bei gani, na nani amelipa. Anayelipiwa kitanda na mtu mwingine, tujue anadaiwa nini.

Mbili: mapatano yoyote ya madini yanayoandikwa ng'ambo yasomwe hapa, kwa lugha tunazozisikia, kabla ya kutiwa sahihi.

Tatu: Mwafrika anayekaribishwa katika hoteli hizo aulize wanaomhudumia wanalipwaje na wanalala wapi. Swali la mgeni halivunji adabu, na mwenye hoteli analiogopa kuliko gazeti.

Nne: sisi makarani wa migodi tuanze kwetu. Orodha mbili ziwe moja. Kazi moja, mshahara mmoja.

Asubuhi ya kuondoka, kijana yule alitufungulia mlango wa gari. Tulitaka kumpa kitu mkononi. Akakataa, sababu kapita alikuwa anatazama. Akasema tu: «Mkifika, andikeni.»

Tumeandika. Ninyi mnaosoma, msomeeni asiyejua kusoma.